Duara Nyuma ya Kichwa cha Leah

Kustaafu ni neno la walimu, askari na watu wa reli. Mimi nina miaka thelathini na moja, na sijawahi kuwa na mwajiri wa kunikata hata senti ya mafao. Lakini ndivyo mlivyosema siku niliyoaga saluni: "Anti Tina amestaafu!" Mkacheka, mkanivisha kanga mabegani, mkanilisha keki, na mimi nikacheka pamoja nanyi huku mikono yangu nimeificha chini ya meza. Ilikuwa imepasuka tena. Daktari wa ngozi alishanieleza bila kuzunguka kwamba pumu ya ngozi iliyo viganjani mwangu haitatulia nikiendelea kushika dawa za nywele, na glavu zenyewe zinanichubua. Basi nimeacha. Mtu aliyetibu ngozi za vichwa vya watu kwa shauri lake mwenyewe ameondolewa kazini na ngozi yake.

Suzi na Happy, ninyi mnaobaki kwenye vile viti vya Igoma, mliniomba niwaandikie niliyojifunza. Ukurasa huu wa kwanza nimeufuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Niliogopa nitakosea jina la ugonjwa, mtu aliyesoma atasoma, atatikisa kichwa. Mnanijua. Mimi ndiye niliyefumua mistari ya mteja iliyokwisha kusukwa kwa sababu mmoja ulipinda upana wa uzi, na mteja mwenyewe alikuwa amelala, hakuuona. Sitaandika habari za bei wala nani alipewa kiti cha dirishani mwaka gani. Nitaandika vichwa.

Kusuka nilijifunza mwenyewe, kwenye kichwa cha mdogo wangu, kwa kutazama video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilikuwa nairudisha nyuma video ileile mpaka mdogo wangu analia, si kwa maumivu, kwa kuchoka. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui ni nini asichokijua, kwa hiyo anaogopa kila kitu. Nilipofika kwa Mama Kulwa kuomba kazi nilikuwa najua mitindo mingi na sijui kitu.

Mama Kulwa, mwenye saluni, ninyi mlimkuta akiwa ameshachoka magoti. Wakati ule alikuwa anasimama kutwa. Alinitazama vidole, akanipa ufagio.

"Mama, mimi najua kusuka."

"Nimesikia. Fagia."

Nilifagia wiki nzima, na kazi haikuwa kufagia. Kazi ilikuwa nywele. Chini ya kila kiti kulikuwa na mfuko wa kaki, na kila mteja aliyefumuliwa au kukatwa, nywele zake ziliokotwa peke yake, zikawekwa kwenye mfuko wake, akaondoka nazo. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Hakuna aliyeuliza pia.

"Nywele za mtu hazilali hapa," Mama Kulwa aliniambia.

"Na mteja akisahau?"

"Hasahau."

"Na akisahau, mama?"

"Unamfuata mpaka kituoni."

Katika miaka yote nimemwona mteja aliyesahau pochi, na nimemwona mmoja aliyesahau mtoto, mtoto mzima, amekaa chini ya draya anakula biskuti. Aliyesahau nywele sijamwona. Mtaniuliza kama niliamini. Niliogopa, na kwangu kuamini na kuogopa sijawahi kuvitenganisha vizuri. Mpaka leo nikichana kichwa changu nazikusanya zote, nazimwaga chooni, nasubiri mpaka maji yatulie.

Baada ya ufagio nilifundishwa kugusa. Hiki ndicho kitu kimoja ninachotaka kiwabaki. Kabla ya kitana, vidole. Mama Kulwa alikuwa anafumba macho, anaingiza ncha za vidole chini ya nywele, anapita polepole kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kama mtu anayetafuta swichi ukutani kwenye chumba cha giza. Aliita kukisalimia kichwa. Mba mkavu ni unga, unaruka. Mba wa mafuta unabaki chini ya kucha kama nta, na ngozi iliyo chini yake ina joto. Mapunye yanakwaruza: kuna magamba, na katikati ya magamba kuna nywele zilizokatika karibu kabisa na ngozi. Ukigusa mapunye usiseme kwa sauti. Weka kitana pembeni, funika kichwa kwa taulo, inama kwenye sikio la mteja.

Mapunye ya kwanza niliyoyagusa yalikuwa ya mtoto wa shule. Mama yake alitaka tusuke juu yake ili yasionekane kanisani Jumapili. Mama Kulwa alikataa.

"Hiki kichwa kinaenda hospitali, kinywe vidonge. Ukikipaka mafuta unaulisha ugonjwa."

"Kwa hiyo mwanangu ni mchafu?"

"Nani kasema? Hii inaambukiza hata watoto wa wakubwa. Peleka, mama, akipona mlete nimsuke mwenyewe bure."

Tulichemsha vitana vyote, vibanio vyote, tukafuta viti kwa spiriti. Nilichemsha vyangu tena nyumbani, na kitana changu cha mkia, kile nilichokinunua kwa fedha yangu ya kwanza, kikapinda. Nilikitumia hivyohivyo kwa miaka. Mnakikumbuka. Mlikuwa mnakiita kiwete.

Vichwa vigumu havikuwa vyenye magamba. Magamba yanajitangaza. Vigumu vilikuwa vya wanawake ambao nywele zilikuwa zinahama bila kelele. Kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu, aliyependa rasta ndogo, za kubana.

"Kaza, dada. Nisipotoka machozi sijasukwa."

"Utapata vipele, dada."

"Vipele vitapoa. Nyie wasusi wa siku hizi mna huruma za bure!"

Siku moja alinionyesha kwenye simu picha ya harusi yake. Nilitazama uso wake, nikatazama picha tena. Paji la uso lilikuwa limepanda. Lilikuwa linapanda mwaka hadi mwaka, mbele ya macho yangu na ya mume wake na ya kioo chake, na hakuna aliyeliona likitembea. Pembeni mwa masikio ngozi ilikuwa wazi na inang'aa. Niliigusa. Sikuhisi vitundu. Ngozi yenye nywele, hata ikinyolewa, ina vitundu vidogo, vidole vikishazoea vinavihisi. Vikiwepo, kuna kinachoweza kurudi. Vikiwa vimeziba, ngozi imekuwa laini kama kucha, basi hapo mlango umeshafungwa kutoka ndani. Ni hivyohivyo kwa utosi wa wale waliounguzwa na dawa ya kulainisha mara kwa mara, au wale ambao utosi wao unawaka na kuwasha miaka na wao wanaongeza mafuta. Ukihisi utosi unaanza kung'aa, mwambie mtu aende kwa daktari wa ngozi wiki hiyo, si baada ya Krismasi.

Kuna jambo lingine sikuwahi kuwaambia, maana mngenicheka. Baada ya miaka kadhaa nilianza kutambua watu kwa visogo. Ninapita sokoni Igoma, mbele yangu anakwenda mwanamke, na kabla hajageuka najua ana kovu la jipu juu ya shingo, kushoto, analificha kwa mabutu ya nywele zake. Namwita jina, anageuka, ndiye, na uso wake mimi ni kama naukuta kwa mara ya kwanza. Mtu hakijui kisogo chake. Ni sehemu ya mwili wake ambayo kila mtu ameiona isipokuwa yeye. Sisi tunaijua, na hilo lilikuwa linaniogopesha, kujua kitu cha mtu ambacho mwenyewe hawezi kukitazama.

Ndipo Leah.

Leah alikuwa mteja wangu tangu hajaolewa. Alikuwa anauza vitambaa, msichana mcheshi, anayebishana na redio. Aliolewa na Masanja, fundi wa friji, wakapanga nyumba Kiseke. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe wake alikuja kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, kumsaidia kulea. Tulimwita Mama Masanja. Leah alikuja naye saluni mara moja, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe, akakaa mlangoni, na kila unywele wa Leah ulioanguka aliuokota yeye mwenyewe kabla ya ufagio. Alizifunga kwenye pindo la kanga. Leah alifanya mzaha: "Mama, utanishonea sweta?" Mama mkwe akacheka.

Miezi michache baadaye Leah alikuja peke yake kufumua. Nilifumua rasta za nyuma, nikasalimia kichwa, na kidole changu kikatumbukia. Sina neno lingine. Katikati ya nywele nene palikuwa na duara, mviringo kamili, kubwa kuliko sarafu, na ndani yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na magamba wala kipele, na ngozi haikuwa nyekundu. Ngozi ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Mimi, ambaye nimekesha nikijaribu kugawa kichwa kwa mistari iliyonyooka, sijawahi kuchora duara safi namna ile.

Nilifunika kwa taulo. Nikainama. Nikamwonyesha kwa vioo viwili, cha ukutani na cha mkononi. Alitazama muda mrefu.

"Nani kaninyoa?" akasema.

"Hakuna. Ni ugonjwa, Leah. Nimeshasoma habari zake."

"Ugonjwa unachora duara?"

Nilimshauri aende kliniki ya ngozi, akaenda. Aliporudi alinieleza walichomwambia: hakuna aliyemwambukiza, hakuna alichokula. Mwili wenyewe umeikosea mizizi ya nywele, umeiona kama adui, unaishambulia. Walimchoma sindano ndogondogo pembeni ya duara, wakampa dawa ya kupaka, wakamwambia huenda zikarudi, huenda zikaanguka nyingine, hawawezi kuapa.

"Nilipomwambia Baba mdogo Shija," akasema Leah, akimtaja mdogo wa baba wa mume wake, "alicheka mpaka akashika ukuta. 'Mwili unajinyoa wenyewe! Na kesho utajipikia ugali!'"

Nilicheka naye, lakini usiku huo sikupata usingizi, na nitawaambia kwa nini. Mchawi unaweza kumhama. Unaweza kufunga mlango. Lakini adui wa kwenye maelezo ya daktari anakaa ndani ya ngozi yako, anaijua kila njia, na hana ubaya na wewe. Amekosea tu. Niliona ni afadhali wachawi.

Baka la pili likatokea, kisha la tatu, kisha mwisho wa nyusi ya kulia. Na kila moja lilionekana asubuhi, na kwetu mtu akiamka na duara kichwani husemwa amenyolewa usiku na mchawi. Nyumbani kwa Leah watu wakaanza kuhesabu mambo ya Mama Masanja: kwamba anaamka kabla ya jogoo, kwamba alionekana akiokota nywele kwenye mto wa mkamwana wake, kwamba duara la kwanza lilitokea baada ya yeye kuja. Mtoto akahamishwa kutoka mikononi mwake. Leah mwenyewe alianza kufunga mlango wa chumbani kwa ndani. Ikazungumzwa kwamba arudishwe kwake ng'ambo, na Baba mdogo Shija angetangulia kuwaeleza ndugu wa kule kwa nini anarudi. Ninyi ni wenyeji. Mnajua mama mzee anayerudishwa kijijini na jina la uchawi anarudi kwenye nini. Sitaandika.

Masanja alikuja saluni mwenyewe, akasimama kati ya wanawake, ndevu zake zimechongwa vizuri, akiwa hajui aweke wapi mikono.

"Dada Tina, Jumapili tunakaa kikao. Wazee wamesema kabla hatujaamua, aje fundi wa nywele ashike kichwa, aseme. Zimenyolewa au zimedondoka."

Kwa watu wengi wa kwetu hilo ndilo swali la kwanza, na hospitali hawaulizwi. Anaulizwa anayejua wembe.

Mama Kulwa alikuwa amesikia. Masanja alipoondoka aliniambia nisiende. Kichwa cha mteja kinazungumziwa kwenye kiti chake, si sebuleni. Nilimwambia nisipoenda watamleta kinyozi yeyote anayetaka soda. Akafikiri.

"Basi nenda. Lakini mtoto wangu, wewe una tabia ya kutaka uonekane umejua. Sema ulichogusa. Usiseme unachokijua."

Kiseke, mchana, baada ya ibada. Sebule ilikuwa na mapazia mazito, yamefungwa, na televisheni imezimwa na kufunikwa kitambaa kama msibani. Baba mdogo Shija alikaa kwenye kochi kubwa, Masanja kwenye kiti cha plastiki. Mama mzazi wa Leah alimpakata mtoto. Mama Masanja alikuwa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga imetandazwa mapajani kana kwamba mtoto atarudishwa pale wakati wowote.

"Shikamooni wazazi."

"Marahaba," akasema Baba mdogo. "Wewe ndiye fundi? Mdogo hivi?"

"Ndiye mimi, baba."

"Karibu. Hatutaki hadithi. Tunataka neno moja."

Niliomba maji, nikanawa. Niliomba pazia moja lifunguliwe na Leah akae dirishani. Niliisugua mikono kwa taulo mpaka Leah akaninong'oneza, "Dada, imeshakauka." Nikafumba macho.

La kwanza, kisogoni. Laini, vitundu vipo. Pembeni nywele fupi sana, nyembamba kwenye mzizi, ukizivuta kidogo zinakuja zenyewe bila uchungu. Nikasema hivyo kwa sauti: "Hapa hapajaguswa na chuma. Zimedondoka." La pili, hivyohivyo. Nikasikia mkekani mtu akishusha pumzi. La tatu, utosini, hivyohivyo.

Kisha nikapitisha kidole nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo Leah hakuwa ameniambia kuna kitu. Kikakwaruzika.

Visiki. Nywele ngumu, zenye afya, zimekatwa.

Nimegusa vichwa vya maiti mara mbili, kuwasuka marehemu kwa ajili ya kuagwa, na sikushtuka kama nilivyoshtuka pale. Maana mpaka dakika ile nilikuwa na uhakika. Nilikuja kuwaambia hakuna mtu anayemnyolea mwanamke huyu akiwa amelala. Na chini ya kidole changu alikuwepo mtu.

Ningeweza kuendelea. Kidole kingesogea, hakuna ambaye angejua, mama mzee angebaki kwenye mkeka wake. Niliwaza hivyo kweli, nikakaribia. Lakini kichwa kilikuwa cha Leah na Leah alikuwa amehisi.

"Umesimama," akasema, taratibu.

"Amesimama," akasema Baba mdogo. "Kuna nini hapo?"

Nikafumbua macho. "Hapa pamenyolewa."

Baba mdogo alisimama. "Mmesikia! Si mimi niliyesema! Mmesikia wenyewe!" Mama wa Leah alimbana mtoto mpaka akalia. Masanja alifunika uso. Mama Masanja hakuinuka. Alitazama mikono yake, akaanza kwa Kisukuma, akarudi kwenye Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Mimi sina wembe. Kucha nakata kwa meno. Waulizeni."

"Mchawi anahitaji wembe wa dukani?" akauliza Baba mdogo.

"Sijamaliza," nikasema. Hawakunisikia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Baba, mliniita niseme. Sijamaliza."

Wakanigeukia, nikaendelea.

"Huu si wembe. Wembe unakata sambamba na ngozi. Hizi zimeachwa, zote zina urefu mmoja, na ukingo umenyooka, upana wa meno ya mashine. Ni ile ndogo ya kuchongea ndevu."

Naapa sikumtazama mtu. Watu baadaye walisema nilikuwa jasiri, nilimtega. Hapana. Ni ule ugonjwa wangu wa mstari uliopinda. Nilitaka sentensi yangu iwe kamili, basi. Aliyetazama ni Leah. Aliinua kichwa kutoka kwenye viganja vyangu, akatazama kidevu cha mume wake, kilivyochongwa, ukingo umenyooka.

Masanja akakifunika kidevu kwa kiganja.

"Baba mdogo," akasema Masanja, "sema wewe."

Baba mdogo alikaa.

Basi ikatoka vipandevipande. Baba mdogo alimpeleka Masanja kwa mtaalamu, mganga wa kienyeji, ng'ambo ya Kigongo, ili wajue nani anamnyoa Leah. Mtaalamu alihitaji nywele za mgonjwa zenyewe kabisa, zikatwe na mkono wa mume, mke akiwa amelala, asijue. Masanja alikata. Alikata kidogo, nyuma ya sikio, alipoona hapataonekana. Alilia hata, akasema. Alifanya hivyo ili ampate mtu anayeingia chumbani usiku na kumkata mke wake nywele akiwa usingizini.

Mama Masanja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu. Kati ya yote ya siku ile ndicho ninachokisikia bado.

"Mwanangu," akasema, "mlikuwa mnamtafuta. Mmempata."

Leah hakulia. "Nywele zangu ziko wapi?"

"Kwa mtaalamu."

"Nenda kazilete."

"Leah, leo ni Jumapili—"

"Nenda kazilete."

Alikwenda kesho yake. Alikuta chumba kina kufuli na mpangaji mwingine anapaka chokaa. Jirani alisema yule mtu amehamia upande wa Geita, mwingine akasema amehamia Kahama. Hazikupatikana. Ziko mahali. Leah aliniambia kuna siku akiwa anapima kitambaa kwa mteja anahisi mtu anazishika, na mimi niliyesoma habari zote za ugonjwa wake sikuweza kumwambia ni upuuzi, maana nilijikuta nimeshika kichwa changu.

Jioni ya Jumapili ile, kabla sijaondoka, Leah alimchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akamweka mapajani mwa mama mkwe, palepale kwenye kanga.

"Mama, leo utalala chumbani na sisi. Upande wa mlangoni. Masanja ana kochi."

"Nitakukanyaga nikiamka. Naamka mapema."

"Utaniamsha na mimi."

Habari ya kumrudisha ng'ambo haikusemwa tena. Baba mdogo aliaga akiwa hajamaliza soda.

Leah aliendelea na kliniki, sindano zake zinauma na anakwenda. Wengine nywele haziwarudii. Nimewaona, nimewashonea vilemba, msimwahidi mtu. Mabaka yake yalianza kubadilika karibu na siku zangu za mwisho kazini. Walikuja yeye na mama mkwe wake, mchana wenye jua kali. Nilimkalisha, nikafungua kilemba, nikaona kabla sijagusa. Nikawa natafuta maneno.

"Usiniambie wewe," akasema Leah. "Wewe utaanza kunieleza. Mama, njoo ushike. Zimeota?"

Mama Masanja alisogea, akaweka kidole kwenye duara la kisogoni, akakizungusha polepole kwa ndani.

"Zimeota."

"Kweli?"

"Laini. Kama za mtoto."

"Rangi gani?"

Mama Masanja alinitazama kwenye kioo. Nikampa ishara aseme. Huwa zinakuja hivyo mwanzoni, na nyingi hurudia rangi yake.

"Nyeupe."

"Nyeupe vipi?"

"Nyeupe hivi." Akafungua kilemba chake, akainamisha kichwa mbele ya kioo kidogo mkononi mwa Leah.

Leah alitazama kichwa kile, akanipa kioo, akatazama chake kwa vioo viwili, cha ukutani na kile nilichomshikia: madoa meupe, mviringo, kwenye nywele nyeusi. Wewe Happy uliacha kukausha, nakumbuka.

"Watasema umenigawia zako, mama."

"Watasema."

"Nikuwekee rangi, Leah?" nikauliza. "Ukipenda tusubiri ngozi ikomae."

"Usiweke." Alirudisha mgongo kwenye kiti. "Nisuke mistari mipana, isiyobana. Ipitishe palepale, zionekane. Na mama akitoka kwangu kwenda sokoni natoka naye."

Mama Masanja alivuta stuli, akakaa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilikuwa nasikia anavyopumua, na hakuondoa macho kwenye kisogo cha mkamwana wake mpaka nilipofunga mstari wa mwisho.